Ushindani wa Nafasi za Uzamivu katika Fizikia na Fizikia Tumizi

(Matini ya hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa vyuo na wazazi wao)



Mada tuliyokabidhiwa ni ya elimu, nasi tuliomba itengewe muda wa kutosha kwa kuwa ina mambo mengi yasiyojulikana. Kila mwaka, matokeo ya vyuo yatokapo, hutujia vijana waliosoma fizikia, baadhi yao wakiwa na shahada ya daraja la kwanza mkononi, wakiuliza ni chuo kipi cha Marekani au Ulaya kitakachowapokea, na ni fedha kiasi gani zitakazohitajika. Mara nyingi baba au mjomba aliyefuatana na kijana huwa ameshaanza kutafuta mnunuzi wa kiwanja. Kwa hiyo tunapenda kusema jambo moja mapema, ili hata mwenye kulazimika kuondoka kabla hatujamaliza awe amelipata. Nafasi ya shahada ya uzamivu, yaani udaktari wa falsafa, katika idara nzuri ya fizikia ya Marekani hainunuliwi. Idara ndiyo inayomlipia mwanafunzi ada na kumpa posho ya kuishi, na kwa kawaida asiyepewa posho hiyo huwa hakukubaliwa. Basi wakala anayeahidi kuwapatia nafasi hiyo kwa milioni kadhaa anauza kitu asichokuwa nacho.

Ni kweli ziko shahada za uzamili ambazo mwanafunzi hujilipia mwenyewe. Chuo Kikuu cha Columbia cha New York, kwa mfano, kina uzamili wa namna hiyo katika fizikia tumizi, ile fizikia inayoshughulika na leza, vifaa, nishati na mengineyo yaliyo karibu na kazi za wahandisi. Hilo si jambo la udanganyifu, lakini ni kitu kingine kabisa, na mzazi anapaswa kujua ni kipi kati ya hivyo viwili anachoombwa kukitolea fedha.

Tumeanza na fedha badala ya alama za mitihani kwa sababu ushindani wenyewe umezaliwa hapo. Mwanafunzi wa uzamivu wa fizikia Marekani hukaa chuoni miaka mitano hadi saba. Miaka miwili ya mwanzo husoma masomo ya juu na kufanya mtihani wa kustahiki, huku akiwafundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza ili apate posho. Baadaye huingia katika utafiti wa profesa mmoja na kulipwa kutokana na fedha alizozipata profesa huyo serikalini au kwingineko. Idara inapomkubali mtu mmoja huwa imejifunga kumtunza kwa miaka ipatayo sita. Ndiyo maana haiwezi kumpokea kila anayestahiki, hata ikitaka. Marekani nzima hutoa takriban shahada 2,000 za uzamivu wa fizikia kwa mwaka, na karibu nusu yake huenda kwa wageni. Idara mashuhuri hupokea maombi kwa mamia, na nyingine hupita elfu, ilhali wanaoingia mwanzoni mwa mwaka wa masomo huwa 20, 30 au 40. Kati ya wale wanaokataliwa wamo wengi ambao wangeifanya kazi hiyo vizuri. Kijana aliyekataliwa asidhani ameambiwa kwamba hana akili.

Tena fedha hizo zimepungua. Mwezi Aprili 2025 Mfuko wa Taifa wa Sayansi wa Marekani ulitangaza ufadhili 1,000 kwa wanafunzi wa uzamivu mahali pa 2,000 hivi uliozoeleka, ingawa miezi miwili baadaye uliongeza 500. Ufadhili ule ni wa raia na wakazi wa kudumu wa Marekani, kwa hiyo msikilizaji anaweza kuuliza watuhusu nini sisi. Watuhusu, kwa kuwa Mmarekani aliyeukosa hurudi kuegemea mfuko wa idara, mfuko ule ule ambao mgeni anautegemea. Mwezi Oktoba mwaka huo ikaripotiwa kwamba Kitivo cha Sanaa na Sayansi cha Harvard kitapunguza nafasi za uzamivu katika sayansi kwa zaidi ya robo tatu kwa muda wa miaka miwili. Na kabla ya hapo, mwezi Juni, amri ya rais wa Marekani ilisimamisha viza za wanafunzi kwa raia wa nchi kadhaa, wakiwamo jirani zetu wa Burundi. Amri za namna hiyo hubadilika, pengine katikati ya mwaka, kwa hiyo kijana aanze kwa kuuliza hali ya viza kwa raia wa nchi yake kabla hajatoa hata senti moja ya ada ya maombi.

Sasa tutazame wanaochagua. Hakuna ofisi moja inayopanga wanafunzi kwa alama, kama tulivyozoea katika nchi zetu. Katika kila idara huundwa kamati ya maprofesa wachache, wenye kazi zao nyingine, nao huletewa majalada mamia kadhaa ya kuyasoma mwezi Desemba na Januari. Mtafiti Julie Posselt aliruhusiwa kukaa pamoja na kamati za idara kumi za vyuo vikubwa, fizikia ikiwamo, na mwaka 2016 akachapisha kitabu juu ya aliyoyaona. Kwanza majalada hupunguzwa haraka kwa kutazama alama na jina la chuo alichotoka mwombaji. Kisha yanayobaki husomwa kwa utulivu zaidi, na hapo barua za walimu na utafiti aliokwisha kuufanya mwombaji huwa na uzito mkubwa. Aidha, aliona kuwa maprofesa, bila kukusudia ubaya, huvutiwa na vijana wanaowakumbusha ujana wao wenyewe. Mtu aliyetoka chuo ambacho hakuna mjumbe wa kamati aliyewahi kukisikia hana wa kumkumbusha chochote.

Lipo pia suala la mtihani wa GRE wa fizikia, ambao alama zake huanzia 200 na kuishia 990. Kwa miaka mingi idara nyingi ziliutumia kama chekecheke. Mwezi Januari 2019 watafiti wakachapisha katika jarida la Science Advances matokeo yaliyoonyesha kwamba alama za mtihani huo hazitabiri vizuri ni nani atakayemaliza uzamivu, na kwamba kuzitumia kama mpaka huwafungia nje wanawake na watu wa makundi yasiyo na uwakilishi. Mwaka uliofuata, mwanafizikia mmoja alichapisha katika jarida hilo hilo pingamizi juu ya hesabu zao, nao wakamjibu. Ulipokuja ugonjwa wa UVIKO-19 mwaka 2020 na vituo vya mitihani kufungwa, idara nyingi ziliacha kuudai, na kadhaa hazikuurudisha. Nyingine husema ni hiari ya mwombaji.

Wengi walishangilia, na sisi tunaona sababu ya kushangilia, maana mtihani ule una gharama, na kwa mkazi wa Kigoma au Mtwara safari ya kukifikia kituo ni gharama nyingine. Hata hivyo tunalo neno. Kijana wa chuo kisichojulikana huko alikuwa na kipimo kimoja tu alichosimama nacho sawa na kijana wa Cambridge. Kikiondolewa, kamati hurudi kutazama jina la chuo na jina la mwandishi wa barua. Kwa hiyo pale mtihani ulipo wa hiari, na kijana akaona katika majaribio ya nyumbani kwamba anaufanya vizuri, sisi tunamshauri aufanye na alama azipeleke.

Barua ndizo zinazotusikitisha zaidi, na hapa tunawaomba walimu wa vyuo waliomo katika hadhara hii watusikilize bila kuudhika. Kila mwombaji hutakiwa kuleta barua tatu. Kwa desturi yetu, mwalimu anayetaka kumsifu mwanafunzi huandika kwamba ni mtiifu, ana nidhamu, anahudhuria vipindi, na hajawahi kupatikana na kosa. Kwetu hiyo ni sifa kubwa. Mjumbe wa kamati akiisoma huelewa kinyume chake, kwamba mwalimu huyu hamjui mwanafunzi wake ila kwa jina na alama, na jalada huwekwa kando. Barua inayosikilizwa husimulia kazi. Husema kwamba kipimo cha mwanga kilipoleta namba zisizoeleweka, mwanafunzi huyu alikaa nacho wiki mbili, akagundua kwamba joto la chumba ndilo lililokuwa likikisumbua, akaandika programu fupi ya kulirekebisha. Husema ni wa ngapi kati ya wanafunzi wote aliopata kuwafundisha mwalimu huyo kwa miaka kumi. Barua ya ukurasa mmoja na nusu yenye mambo kama hayo hushinda barua tatu za utiifu, hata ikitoka katika chuo kidogo.

Lakini mwalimu hawezi kusimulia kazi ambayo haikufanyika. Basi mwanafunzi wa mwaka wa pili asingoje. Aende kwa mwalimu mwenye maabara, hata kama maabara yenyewe ina vyombo viwili vibovu, aombe kazi wakati wa likizo. Kutengeneza chombo kibovu ni elimu, na katika jalada huonekana hivyo. Asiye na maabara anaweza kufanya kazi ya hesabu kwa kompyuta, kwani takwimu za darubini nyingi na za majaribio ya chembe zimewekwa wazi kwa yeyote. Mradi wa mwaka wa mwisho usiwe wa kunakiliwa kutoka kwa waliotangulia, kama tunavyojua unavyonakiliwa.

Tuje kwenye fizikia tumizi, maana hapa vijana hukosea hesabu. Wengi hudhani kwamba neno “tumizi” maana yake ni nyepesi, kwamba aliyeshindwa mlango wa fizikia aingie kwa huo. Chukueni mfano wa Chuo Kikuu cha Stanford, California. Pale kuna Idara ya Fizikia na Idara ya Fizikia Tumizi, kila moja na kamati yake, na maprofesa wengine ni wa pande zote mbili. Steven Chu, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1997 kwa kazi ya kupooza atomi kwa mwanga wa leza, alikuwa profesa wa fizikia na wa fizikia tumizi pale pale. Na utaratibu wa chuo hicho ni kwamba kwa mwaka mmoja mtu huomba programu moja tu, isipokuwa zile za shule za taaluma kama vile sheria au tiba. Basi anayetaka kusomea leza Stanford lazima achague mlango mmoja kati ya miwili inayokaribia kumfikisha katika chumba kimoja, na akikosea hana ruhusa ya kujaribu wa pili mpaka mwaka mwingine. Kule Harvard fizikia tumizi imo ndani ya shule ya uhandisi na sayansi tumizi. Columbia wameiunganisha na hisabati tumizi, nayo iko uhandisi vile vile. Cornell imeunganishwa na fizikia ya uhandisi. Jina la idara, basi, halitoshi kumwongoza mtu. Atafute kwanza ni maprofesa gani watatu au wanne ambao kazi zao amezisoma na kuzielewa, kisha atazame wanapokea wanafunzi kupitia idara ipi.

Ushindani pia hautoshani kwa kila tawi. Palipojaa zaidi ni nadharia ya chembe na nadharia ya ulimwengu, kwa kuwa kila kijana aliyesoma vitabu vya Hawking hutaka huko, na fedha zake ni chache, pengine profesa mmoja huchukua mwanafunzi mmoja kwa miaka miwili. Fizikia ya vitu yabisi ndiyo inayotoa wahitimu wengi kuliko matawi yote, nayo pamoja na mwanga, plazima na fizikia ya viumbe huhitaji mikono mingi ya maabara. Hatusemi kijana aache anachokipenda. Tunasema ajue urefu wa foleni aliyojiunga nayo.

Mwaka uliopita swali zuri kuliko yote lilitujia kwa karatasi kutoka upande wa akina mama. Binti mmoja aliuliza: kama jina la chuo changu halijulikani, na shahada yangu ni ya miaka mitatu, je, hakuna njia ya kupita kwanza mahali ambapo nitajulikana? Iko njia, na iliwekwa na mtu aliyeyaonja haya.

Abdus Salam alizaliwa mwaka 1926 katika wilaya ya Jhang, Punjab. Mwaka 1946 alipata ufadhili wa kwenda Uingereza, na ikatokea kwamba katika Chuo cha St John's, Cambridge, palikuwa na nafasi iliyoachwa wazi ghafla, akaondoka mwaka ule ule. Wenzake waliopewa ufadhili huo pamoja naye waliambiwa wangoje mwaka uliofuata. Mwaka uliofuata India ikagawanyika, na ufadhili wenyewe ukafa. Mwaka 1951 alirudi Lahore kufundisha, akiwa tayari na jina katika nadharia ya chembe, na kazi ya ziada aliyopewa chuoni ikawa kusimamia timu ya kandanda. Hakuwa na majarida mapya wala mtu wa kuzungumza naye fizikia. Mwaka 1954 alilazimika kurudi Cambridge. Mwaka 1964 akaanzisha kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia mjini Trieste, Italia, ili mwalimu wa nchi maskini aweze kwenda kufanya utafiti kwa wiki au miezi kadhaa, kisha arudi kwake bila kuihama nchi. Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 1979, na kituo hicho sasa kinaitwa kwa jina lake.

Tangu mwaka 1991 kituo cha Trieste kina stashahada ya uzamili ya mwaka mmoja kwa vijana wa nchi zinazoendelea, katika fizikia ya chembe na ulimwengu, vitu yabisi, mfumo wa dunia, hisabati, na baadaye sayansi ya viumbe kwa njia ya hesabu. Mwanafunzi halipi ada, na hutunziwa malazi na nauli. Mwaka 2018 ilifunguliwa Kigali, ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda, taasisi ya Afrika Mashariki iliyo mshirika wa Trieste, inayofundisha uzamili na uzamivu wa fizikia. Hata huko nafasi ni chache na hugombaniwa. Lakini kijana wa shahada ya miaka mitatu, kama zinavyotolewa Tanzania na Uganda baada ya kidato cha sita, hupata pale mekanika ya kwanta na fizikia ya takwimu ya kiwango kinachotakiwa, na hupata barua kutoka kwa watu ambao kamati za Ulaya na Marekani zinawafahamu. Kwa maoni yetu, kwa wengi wenu hii ndiyo hatua ya kwanza, na maombi ya moja kwa moja kwa Stanford yaje baadaye.

Kuhusu Ulaya tutasema machache. Ujerumani hudai uzamili kwanza, na nafasi ya uzamivu mara nyingi ni ajira yenye mshahara inayotangazwa kama kazi nyingine. Uingereza tangu mwaka 2021 imefungulia wageni ufadhili wa mabaraza yake ya utafiti, lakini wageni hawatakiwi kuzidi asilimia 30.

Tumalizie na kalenda, kwani wengine hukosa nafasi kwa sababu ya tarehe tu. Idara nyingi za Marekani hufunga maombi kati ya katikati ya Desemba na mwanzo wa Januari. Mwalimu aombwe barua mwezi Septemba, apewe nakala ya matokeo, maelezo ya mradi na orodha ya vyuo vyote na tarehe zake, kisha akumbushwe kwa adabu mwanzoni mwa Desemba, maana yeye pia ana mitihani ya kusahihisha. Ada ya maombi mara nyingi ni kati ya dola 75 na 130 kwa kila chuo, na vyuo vingi vina utaratibu wa kusamehe ada kwa anayeomba mapema na kueleza hali yake. Waombeni. Vyuo vinane vilivyochaguliwa kwa kusoma kazi za maprofesa wake vinatosha, na visiwe vyote vya yale majina matano ambayo kila mtu anayajua. Familia inayotaka kusaidia isaidie hapa, katika ada hizi na katika nauli ya kwenda kwenye mtihani, na kiwanja kibaki.

Majibu hutoka mwezi Februari na Machi. Vyuo vingi vimekubaliana kwamba aliyepewa ufadhili asilazimishwe kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Huwapo pia wale ambao hawakukubaliwa wala kukataliwa, wamewekwa katika orodha ya kungoja, nao hungoja mtu mwenye nafasi mbili aiachie moja. Kijana wetu akijaliwa kupata nafasi mbili, asizikalie zote mpaka usiku wa tarehe 15 kwa sababu tu inapendeza kuwa nazo. Barua ya kukataa haizidi mistari miwili: awashukuru, aseme amechagua pengine. Akiipeleka mwanzoni mwa Aprili, idara bado ina wiki mbili za kumwita aliye katika orodha.